Saa Sita ya Huko

Jumapili ile Shangazi alifika nyumbani kwetu mapema kuliko kawaida yake, na kikapu kitupu mkononi. Hakusema kikapu ni cha nini. Alisalimia, akakaa kwenye kiti cha Baba ambacho hata Mama hakikalii, kisha akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, kama mnunuzi anayekagua kitambaa ambacho moyoni ameshakikataa.

"Umependeza," alisema. "Haya. Tutaona."

Maneno yake makali nilikuwa nimejiandaa nayo. Nimeyazoea tangu utoto. Ule upole ndio ulionitia baridi. Shangazi yangu akiwa mpole, kuna jambo.

Nilirudi kwenye meza ya chakula nikaendelea kupanga. Kompyuta niliiweka juu ya vitabu vitatu ili kamera ilingane na uso wa Baba. Pazia nililivuta nusu, mwanga usije ukatupiga kwa nyuma tukaonekana vivuli. Sauti niliijaribu mara nne. Kazi hiyo naijua nje ndani, maana ndiyo inayonipa riziki. Napanga mikutano ya mtandaoni: ya madaktari, ya walimu, ya wanakwaya, watu wa nchi kumi na moja, huyu kwake kunapambazuka, yule anaaga jua, na wote lazima waingie dakika moja. Nimeona mengi. Kuna mhadhiri aliyeingia kabla ya wakati na mswaki mdomoni, akasugua meno mbele ya watu mia mbili akidhani yuko peke yake. Kuna kwaya nzima iliyojipanga ikaimba nyimbo tano, wasikilizaji wakiwa bado vitandani kwao. Makosa ya saa yanachekesha sana yakiwapata wengine.

Siku hiyo mkutano ulikuwa wangu. Mwanamume niliyempenda alikuwa anakuja kuniposa kwa kamera.

Wote walimwita Fundi, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za mizigo. Tulikutana miaka miwili nyuma, akiwa likizo, alipoitwa ofisini kwetu kutengeneza jenereta lililozimika katikati ya semina ya wauguzi. Alilitengeneza kwa nusu saa, akanawa mikono, akasimama mlangoni akiniangalia ninavyohangaika kuwarudisha watu mkutanoni mmoja mmoja.

"Dada," alisema, "unawakutanisha watu wa dunia nzima. Mimi na wewe tuko chumba kimoja, mbona hata macho hayajakutana?"

Nikainua macho. Nilipoyainua, kazi ikaisha. Tangu siku ile akanipa jina lake mwenyewe: Bi Saa.

Baba hakumtaka. Sisemi alimchukia; hakumtaka tu. Baba alikuwa mkuu wa stesheni ya reli kwa miaka thelathini na moja kabla hajastaafu, na kwake mtu wa maana ni yule anayefika. "Meli!" alikuwa akisema. "Miezi minne majini, wiki tatu nyumbani. Huyo ni mume au ni mgeni?" Kwa muda mrefu hata jina la Fundi halikutajwa mezani. Kisha jioni moja Mama alimwita Baba chumbani, wakaongea kwa sauti za chini, na Baba akatoka na sharti.

"Nitamsikiliza mara moja," aliniambia. "Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana kamili. Barua nitamwandikia mwenyewe, kwa mkono wangu. Kuanzia leo mpaka siku hiyo msiwasiliane. Usimpigie, asikupigie. Nataka nione kama ni mtu wa kushika neno bila kukumbushwa."

"Mwezi mzima, Baba?"

"Unataka mtu wa kukuacha miezi minne minne maisha yako yote, mwezi mmoja unakushinda?"

Nikakubali. Aliniuliza tofauti ya saa kati yetu na bandari ambayo meli ya Fundi ilikuwa imetia nanga kwa matengenezo. Nikamwambia ni saa mbili, sisi tuko mbele. Akaandika kwa ule mwandiko wake wa stesheni ulionyooka kama reli: *Saa sita mchana ya huko uliko.* Karatasi ikapigwa picha, ikatumwa. Fundi alijibu neno moja tu: "Nitafika."

Tangu hapo tukanyamaza. Nani alisema ukimya hauna uzito? Niliubeba mwezi mzima. Nililala na simu chini ya mto, na asubuhi niliitazama kabla sijajitazama kwenye kioo, ingawa nilijua hakuna kitu. Nilisoma jumbe zake za zamani mpaka nikazijua kwa moyo, pamoja na makosa yake ya herufi.

Kisha ikaja Ijumaa.

Ijumaa nilikuwa ofisini nikiwaandikia wateja ukumbusho: Jumapili hii nchi kadhaa zinarudisha saa nyuma, hakikisheni muda wa mikutano yenu. Nilipofika mteja wa tatu, mkono ulisimama wenyewe. Bandari ya Fundi ilikuwa katika mojawapo ya nchi hizo. Sikumaliza hata sentensi. Nilichukua mkoba nikaenda nyumbani, nikamkuta Baba kibarazani anapiga brashi viatu vyake vya Jumapili.

"Baba, keshokutwa kule wanarudisha saa nyuma. Saa sita yao haitakuwa tena saa nane yetu, itakuwa saa tisa. Fundi inabidi aambiwe aingie saa tano."

Brashi haikusimama. "Wanarudisha saa? Kwa nini?"

"Ndivyo wanavyofanya kila mwaka. Mimi umenikataza kumwandikia. Mwandikie wewe, Baba."

"Nimesikia."

"Leo, Baba. Nakuomba."

"Mwanangu, nimesema nimesikia."

Mtu ambaye kwa miaka thelathini na moja hakuchelewesha treni hata moja kwa uzembe, akikuambia amesikia, utamdai nini tena? Nilirudi kazini nikiwa mwepesi, nikawamalizia wateja wangu barua zao.

Basi Jumapili, saa nane kasorobo, Shangazi aliinuka na kikapu chake.

"Simu zote humu," alisema. "Jambo la heshima halitaki milio milio."

Akakusanya ya Baba, ya Mama, ya kwangu. Nilipochelewa kuitoa alinyoosha kiganja akangoja, anatabasamu. Kikapu akakiweka chini ya kiti, kati ya miguu yake, akakishushia gauni.

Saa nane ikafika. Baba alikuwa mbele ya kamera, koti limefungwa vifungo vyote. Mama pembeni yake, mikono mapajani. Mimi nyuma yao, nimesimama. Kwenye kioo cha kompyuta tulikuwa sisi watatu tu, tunajitazama wenyewe.

Saa nane na dakika tano. Nikasema huenda mtandao wa bandarini unasumbua. Gari lilipita nje, mbwa wa jirani akalibwekea, kukatulia tena.

Saa nane na dakika kumi.

"Shangazi, naomba simu yangu."

"Uliahidi nini kwa baba yako?"

"Kwamba sitampigia mpaka siku yenyewe. Siku yenyewe ndiyo leo."

"Mpaka atakapofika. Amefika?" Alirekebisha gauni juu ya kikapu. "Ahadi si sweta, mwanangu, uivue ukisikia joto."

Nilimgeukia Baba. "Baba, ulimwandikia ile saa tano?"

Kabla hajafungua mdomo, Shangazi akadakia. "Ndiyo tumefika huko? Kijana wako hajatokea, unamhoji baba yako kama mwizi wa kuku?"

Baba aliinuka, akaenda dirishani, akatupa mgongo. Nikadhani nimemuudhi. Nakiri nilichosikia wakati ule ni aibu: nimemshuku baba yangu mzazi mbele ya dada yake. Dada ambaye ndiye aliyemlea, wazazi wao walipofariki Baba akiwa na miaka minane, na ambaye tangu hapo hajawahi kumwambia neno "hapana".

"Funga hiyo kompyuta," Shangazi alisema.

"Iache," alisema Mama. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Ikaachwa. Tukakaa. Shangazi akaanza kuzungumza polepole, kama anayembembeleza mgonjwa. Kwamba hakuna aibu, bora kujua mapema. Kwamba baharini kuna mambo. Kwamba mwanamume akikupenda hata akiwa kaburini atainua mkono. Mimi nilikuwa natazama ile pembe ya chini ya kioo, namba zikibadilika, na kila ilipobadilika moja nilihisi kitu kinajongea kuelekea kwetu, sikijui, lakini kinakuja.

Saa tisa kasorobo mlango ukagongwa.

Alikuwa Daktari wa Meno. Tulimfahamu, ndiye aliyemng'oa Baba gego mwaka uliopita, mtu mtaratibu, mwenye mikono safi kupita kiasi. Shangazi alikuwa akimtaja kila alipokuja, mara amejenga, mara hana makuu, mara nyumba yake haina mwanamke. Alisimama mlangoni na shati jeupe, anatuangalia.

"Samahani. Naona mna kikao."

"Hakuna kikao, Daktari, kimeshakufa," Shangazi alisema, sauti yake imechangamka ghafla. "Karibu, karibu. Kaa hapo, kwenye kiti cha mbele. Na wewe binti, mbona umesimama kama mlingoti? Kaa, mgeni asikae peke yake."

Nilikaa kwa sababu nilikuwa nimesimama tangu saa nane. Ndivyo ilivyokuwa kwamba, saa tisa kamili ilipogonga na kioo kikalia ule mlio mdogo wa mtu anayeingia, nilikuwa nimekaa bega kwa bega na mwanamume mwingine.

Fundi alikuwa amevaa koti la suti. Sikuwahi kumwona na suti; lilimbana mabegani. Pembeni yake alikaa mzee mnene mwenye vazi jeupe la jikoni, kofia ameiweka mapajani kwa adabu. Nilimjua kwa kusimuliwa: Mpishi wa meli, mtu wa lugha yetu, aliyekubali kumsimamia kama mzazi. Fundi alikuwa anatabasamu kwa uso mzima. Lile tabasamu nililokuwa nimelisubiri mwezi. Likanifikia, likakaa juu yangu, kisha nikaliona linahama polepole hadi kwa Daktari, na kuanza kupungua.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama," alisema. "Saa sita kamili, kama ulivyoagiza."

"Saa sita ya wapi, kijana?" Shangazi alijibu kabla ya yeyote. "Hapa ni saa tisa. Mzee wa watu amekaa saa nzima anatazamana na kioo."

"Saa tisa?" Alimgeukia Mpishi, kisha akatoa karatasi mfuko wa ndani wa koti. Alikuwa ameichapisha ile barua ya Baba, akaikunja nne. Akaikunjua. "Hapa panasema saa sita ya huku. Niko hapa tangu saa sita kasoro tano, nilikuwa nasubiri igonge."

"Barua iliandikwa mwanzoni mwa mwezi," Shangazi akasema. "Ulimwengu haukusimama kukungojea."

Fundi akaitazama tena ile barua. Nilimjua anavyofikiri, anapasikiliza pale tatizo lilipo kama anavyoisikiliza injini. Nikaona amepata.

"Saa zimerudi nyuma huku leo alfajiri," alisema taratibu. Kisha akanitazama mimi. "Bi Saa. Hii ndiyo kazi yako."

"Fundi..."

"Unaandikia watu barua kuwakumbusha. Ulinisimulia mwenyewe, kila mwaka. Ulijua?"

Daktari alijikohoza. Ni mtu mwema, nasema hivi mpaka leo, na alitaka kusaidia tu. "Samahani, labda ni muda umechanganywa kwa wote. Mimi nilitaka kupita hapa saa nane, nikitoka kazini. Shangazi akanisisitizia sana nisiwahi. Akasema nije kwenye saa tisa, saa tisa kasorobo hivi."

Mama aligeuza kichwa akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama kucha zake. Mimi nikamtazama Baba, pale dirishani, na mara hii alikuwa amegeuka. Alikuwa anamtazama dada yake. Ndipo nikaelewa yote kwa mara moja: kikapu, upole, kiti cha mbele. Baba hakumwandikia Fundi. Alimwambia dada yake, na dada yake akamwambia anyamaze, kisha akachagua mtu wa kukaa kwenye picha.

"Bi Saa, nimekuuliza," Fundi alisema. "Ulijua?"

Maneno mawili yangetosha. *Baba hakukuambia.* Yalikuwa kwenye ulimi. Lakini Baba alikuwa amesimama pale na koti lake lenye vifungo vyote, mzee wa miaka sabini na moja ambaye jina lake lote ni uaminifu, na mbele yake yuko mtu anayetaka kuwa mkwe, yuko Mpishi, yuko Daktari. Kusema ni kumvua nguo hadharani. Nilimngoja yeye aseme. Nilimwangalia kwa macho ya kumwomba. Akainamisha uso.

Nami nikainamisha wangu.

"Nilijua saa zinabadilika," nilisema.

"Ulijua."

"Fundi, kuna jambo..."

"Lipi? Liseme. Nakusikiliza."

Sikuweza. Aliningoja. Sijui ni sekunde ngapi, lakini Mpishi alianza kuizungusha kofia yake mapajani, akaizungusha mara nyingi.

"Na huyo aliyekaa na wewe ni nani?"

"Huyo," Shangazi alisema, "ni mtu aliyefika kwa wakati."

Fundi alikunja barua ya Baba, mara moja, mara mbili, akairudisha mfukoni. Alikuwa na adabu hadi mwisho, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. "Asante, Baba, kwa muda wako. Mama, samahani kwa usumbufu." Mimi hakuniaga. Kioo kikawa cheusi, tukabaki tunajiona tena.

Daktari ndiye aliyeinuka wa kwanza. "Niliambiwa naalikwa kumsalimia mzee," alisema. "Sikuambiwa naletwa kuwa kisu." Akaniinamia. "Nisamehe, dada." Shangazi alimwita mara mbili. Hakugeuka.

Mama akasimama. Alikwenda hadi mbele ya Shangazi, akapiga goti moja, akasogeza gauni la wifi yake kwa upole, akatoa kikapu. Simu yangu akanipa mkononi.

"Wifi," alisema, "leo umekaa vya kutosha."

"Unanifukuza? Mimi niliyemlea mumeo?"

"Ulimlea vizuri, nakushukuru kila siku. Lakini leo umemfundisha uongo, na hilo hukumfundisha alipokuwa mdogo." Kisha akamgeukia Baba, na hapo sauti yake ikakatika kidogo. "Mzee. Mtoto amekuficha wewe. Wewe utajificha kwa nani?"

Shangazi alichukua kikapu chake akatoka. Baba alikaa chini. Alifungua koti kifungo kimoja kimoja.

"Niliishika simu Ijumaa nzima," alisema. "Niliandika, nikafuta. Dada akasema acha, kama ni wako atafika. Nikajiambia sijadanganya, nimenyamaza tu." Alijipangusa uso. "Siku uliyozaliwa nilikuwa stesheni napitisha treni ya mizigo. Mama yako alijifungua mikononi mwa majirani. Nilikuona una siku mbili. Sikutaka uolewe na mtu kama mimi."

"Baba, kwa nini hukusema pale?"

"Nilikuwa nasubiri uniseme wewe. Ungenisema, ningekiri."

"Mimi nilikuwa nasubiri useme wewe."

Tuliangaliana. Mama alitoka akaenda kusimama jikoni, nikamsikia amefungua bomba la maji na hakuna anachoosha.

Nilimpigia Fundi. Simu iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Niliandika ujumbe, nikasema yote, kikao chote, kikapu, Ijumaa, kila kitu. Nikapiga tena. Meli ilikuwa inaondoka saa nane ya kwao, saa kumi na moja yetu, na ikishang'oa nanga ni miezi minne ambayo sauti inapatikana kwa kubahatisha. Nikapiga mara ya kumi, ya kumi na tano. Inaita, haipokelewi.

Saa kumi na nusu kioo cha simu kikawaka jina lake. Nilipiga ukelele hata Mama akaja mbio.

"Fundi! Fundi, nisikilize, usikate..."

"Binti," sauti nzito ilijibu. "Ni mimi Mpishi."

"Shikamoo. Mpe Fundi, nakuomba, nina neno moja tu."

"Marahaba. Mimi ndiye nilikuwa nakupigia nikuombe unipe Fundi." Nyuma yake palikuwa na vyuma vinagongana na watu wanapiga kelele. "Nilidhani anaongea na wewe kwa simu nyingine. Hayumo melini, mwanangu. Baada ya kile kikao alikwenda kwa nahodha akaomba pasipoti yake, akashuka ngazi. Simu hii nimeikuta kitandani kwake, inalia yenyewe."

"Alisema anakwenda wapi?"

"Hakusema. Nilimshika mkono nikamwambia ngoja, wanawake hawafanyi hivyo bila sababu. Akaniambia, mzee, ameulizwa mara tatu." Mpishi alivuta pumzi. "Nahodha anampa robo saa. Asiporudi, tunaondoka, na jina lake linafutwa."

"Ujumbe wangu aliusoma?"

"Haujafunguliwa, naona hapa. Kashukia mji mzima huu, sijui kashika njia ipi. Koti la suti kaliacha. Binti, kule nje ni baridi, na..." Honi ya meli ililia, ndefu, ikameza maneno yake yote. Ilipoisha, simu ilikuwa imekata.

Nikabaki nimeishika. Baba alikuwa amesikia kila kitu, maana nilikuwa nimeiweka sauti ya nje bila kujua.

"Amechukua pasipoti," alisema. "Basi anaweza kuja huku."

"Anaweza kwenda popote, Baba."

Mama alisema kwa sauti ndogo, "Mama yake hajui."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mama yake Fundi alikuwa mshonaji, anakaa upande wa pili wa mji, mjane mwenye mtoto mmoja. Hakualikwa kwenye kikao, kwa kuwa Baba alitaka kumsikia kijana kwanza, wazazi baadaye. Nilivaa viatu. Nilikuwa natafuta ufunguo nilipoona Baba naye amesimama mlangoni, bila koti, shati limetoka kwenye suruali upande mmoja.

"Mimi ndiye nitakayesema," alisema. "Wewe usifungue mdomo. Umeshaninyamazia vya kutosha."

Tulikwenda kwa miguu sehemu, kwa gari sehemu. Njia nzima alikuwa anasogeza midomo, anapanga maneno, anayapangua. Mara mbili alisimama na kushika ukuta wa watu. Nikamuuliza kama turudi. Akatikisa kichwa.

Nyumba ilikuwa ndogo, ya mlango wa bluu, kibao cha cherehani kimechorwa kwa mkono juu yake. Dirisha lilikuwa wazi. Kwa ndani niliona meza imefunikwa kitambaa kipya, vikombe sita vimepangwa, na nguo ndefu nyeupe imetundikwa kwenye mlango wa kabati, pini bado ziko pindoni. Sikuhitaji kuambiwa ni ya nani.

Baba alibisha hodi.

Mlango ulifunguliwa kabla hajashusha mkono. Mama yake Fundi alikuwa amevaa nguo yake nzuri kuliko zote, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. Alitutazama, mimi, kisha Baba, kisha mimi tena, na macho yake yakajaa machozi ya furaha.

"Wakwe zangu!" alisema, akamshika Baba mikono yote miwili. "Nilijua mtakuja wenyewe. Nimekaa hapa tangu saa nane, simu ya mwanangu haipokelewi, nikasema moyoni, ni furaha tu hiyo, atakuwa anaongea na watu wake. Haya, niambieni. Amesema vizuri?"

Baba alifungua mdomo, na safari hii hakunisubiri mimi niseme.